Nissan Sunny kutoka B10 hadi B15: gari la lita 2.7 za oili

Ukimuuliza fundi kama Sunny ni gari zuri, atakurudishia swali: ni B ngapi (yaani ya kizazi kipi), na imekuwa ikimwagwa oili kila baada ya kilomita ngapi? Swali la pili ndilo lenye uzito. Sunny ya mwisho ya Japani, B15 yenye injini ya QG15DE, hubeba takriban lita 2.7 tu za oili pamoja na filta, ilhali dumu la kawaida dukani ni la lita 4. Mengi yanayosemwa vijiweni kuhusu gari hili, mazuri na mabaya, yanaanzia hapo.

Mwishoni mwa 1965 Nissan iliwaomba Wajapani walipe jina gari lake dogo lililokuwa njiani. Mapendekezo zaidi ya milioni 8 yakafika. Februari 1966 jina likatangazwa, na Aprili gari likaingia sokoni kama B10: injini ya A10 ya cc 988, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, bodi nyepesi mno. Lilikuwa gari la familia inayonunua gari kwa mara ya kwanza, na kila kilichoweza kupunguzwa kilipunguzwa. Novemba mwaka huohuo Toyota ikaleta Corolla ya cc 1,077 na kuzitangaza zile cc 100 za ziada kana kwamba ni shamba la urithi. Nissan ilikaa na uchungu huo hadi Januari 1970, ilipotoa B110 yenye injini ya A12 ya cc 1,171, na tangazo lake likawaambia wateja kwamba sasa gari la jirani litaonekana dogo.

B110 ndiyo iliyouzwa nje kama Datsun 1200. Iliyofuata, B210 ya 1973, wengi Afrika Mashariki waliijua kwa jina la 120Y. Injini ya A12 ni ya kizamani: valvu husukumwa kwa fimbo, cheni ni fupi, kuna kabureta, pointi na kondensa. Fundi mwenye spana chache na filageji (kipimo cha mianya) huimaliza chini ya mwembe. Pikapu iliyotokana na B110 ilitengenezwa Japani hadi 1994, na Afrika Kusini iliendelea hadi 2008 kwa jina la Nissan 1400. Zaidi ya miaka 35 kwa umbo moja si mchezo.

Jina la Datsun kwetu lilijengwa na Safari Rally: Bluebird 510 mwaka 1970, 240Z mwaka 1971 na 1973, kisha Violet miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, zote nne akiendesha Shekhar Mehta. Hakuna Sunny katika orodha hiyo. Sunny ilikula sifa za ndugu zake wakubwa, na hadi leo wapo wanaoapa kwamba 120Y ilishinda Safari.

B310 ya 1977 ilikuwa ya mwisho kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Oktoba 1981 ikaja B11, injini ikalazwa kwa upana na magurudumu ya mbele yakaanza kuvuta, takriban mwaka mmoja na nusu kabla ya Corolla ya sedani kufanya vivyo hivyo. Injini zake za E zilitumia mkanda wa taimingi. B12 ya 1985 ni ile ya pembe nne, kama iliyokatwa kwa rula; kioo kipana, mwanga mwingi ndani, na shina la kutu kwenye vizingiti vya milango. Inapendwa kwa sababu haina siri.

Siri zilianza na B13 ya Januari 1990. Injini za GA zikaingia na kemu mbili na valvu 16, zikizungushwa kwa cheni, lakini GA13DS na GA15DS zilikuwa bado na kabureta, tena kabureta inayoendeshwa na kompyuta. Ni kifaa ambacho mafundi wengi hukitoa na kufunga cha kawaida. Gari linawaka, ila linanuka petroli na linakula. Ukipata B13 au B14, tafuta GA15DE, ile inayopuliza petroli kwa nozeli badala ya kabureta. GA ina cheni mbili, ya chini na ya juu, na ya juu ndiyo inayoanza kulalamika. B14, iliyotoka Januari 1994, ni B13 iliyonyooshwa: nafasi zaidi nyuma, bimu ya nyuma ya muundo mpya, plastiki za ndani zilezile. B13 ilibaki Mexico kwa jina la Tsuru hadi 2017. Miaka minne kabla ya hapo Latin NCAP, shirika linalopima usalama wa magari, iliibamiza ukutani, ikatoka na nyota sifuri. Wanaonunua B13 leo kwa sababu “bodi ngumu” waikumbuke hiyo sifuri.

Ndipo tunafika kwa B15, iliyozinduliwa Oktoba 1998. Nissan ilikuwa na madeni hadi shingoni. Kiwanda cha Zama, kilichounda Sunny kwa miaka mingi, kilikuwa kimefungwa kwa uundaji wa magari mwaka 1995, na Machi 1999 Renault ikaingia kama mshirika. Gari lililotengenezwa wakati kampuni inahesabu kila senti hulionyesha hilo: sauti ya milango ni nyepesi, kitambaa cha dari hulegea, plastiki ya dashibodi huanza kulia barabara ya changarawe. Lakini hesabu hiyohiyo ilileta neema: B15 inashiriki mengi na ndugu zake wa Nissan, AD Van na Wingroad za Y11, hasa injini na sehemu za mbele. Kwa hiyo Gerezani ya Dar es Salaam au Grogan ya Nairobi hakuna siku utakosa sensa, mauntingi (raba zinazoshikilia injini) au bushi za QG15. AD Van zimezifanya spea hizo ziwe kama nyanya sokoni.

Kabla ya kuulizia bei, soma namba ya chasisi kwenye kibati kilichopo ndani ya boneti. FB15 ni cc 1,497, injini ya QG15DE, magurudumu mawili yanavuta. Hiyo ndiyo ya kununua. FNB15 ina injini hiyohiyo lakini inavuta kwa magurudumu manne. Ekseli ya nyuma ni nyingine na spea zake ni za kuagiza, kwa faida ambayo mjini hutaiona. JB15 ni VZ-R, yenye SR16VE ya nguvu za farasi 175, gari la mapenzi si la kazi. SB15 ni ya dizeli. QB15 ni cc 1,769, injini ya QG18DD, ile yenye maandishi NEO Di juu ya kifuniko. Iache. Petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa, na pampu hiyo haipendi mafuta yenye uchafu wala maji. Ikichoka, gari hukosa nguvu, huzima likiwa limesimama, na kuwaka kwake kunakuwa kwa kubembeleza. Valvu za kuingiza hewa nazo hazioshwi na petroli kama kwenye injini ya kawaida, kwa hiyo masizi hujijenga. Wengi hununua pampu ya mtumba, inadumu miezi, wananunua nyingine. Mbaya zaidi, nyingi zimefungwa giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, inayotaka oili yake maalumu ya NS-1, na kuna gereji ambako humiminwa oili yoyote nyekundu iliyopo.

Turudi kwenye lita 2.7, maana hapa ndipo makosa yanapofanyika mbele ya macho ya mwenye gari. Fundi wa haraka anafungua dumu la lita 4 na kumimina mpaka liishe. Lita moja na zaidi imezidi. Krenki inapozunguka inapiga oili hiyo kama mwiko kwenye uji, inatoka povu, na povu halina shinikizo. Tensiona, yaani kikazio cha cheni, huishi kwa shinikizo la oili. Ikikosa, cheni inacheza. Sili za krenki nazo huanza kutoa jasho. Kosa la upande wa pili ni kupita muda: injini ikila nusu lita, imepoteza karibu moja ya tano ya oili yote, na dereva hajui kwa sababu taa nyekundu haiwaki hadi hali iwe mbaya kabisa.

Njia sahihi ni hii. Mwaga oili injini ikiwa vuguvugu, badilisha washa ya bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), paka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya na uikaze kwa mkono tu. Mimina lita 2.5. Washa dakika moja, zima, subiri dakika 5 hadi 10 gari likiwa sehemu tambarare, chomoa kijiti, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka alama ya juu. Kinachobaki kwenye dumu kiweke kwenye buti. Ndicho cha kuongezea kabla ya safari ijayo. 5W-30 au 10W-30 inatosha, na 10W-40 kwa injini iliyozeeka kwenye joto la pwani. Kwa foleni na vumbi, kilomita 5,000 ni mwisho. Anayesema oili yake ni ya kilomita 10,000 anazungumzia injini yenye sampu kubwa kuliko hii.

Cheni ya QG haina tarehe ya kubadilishwa kama mkanda, na hilo limewapa watu usingizi. Iliyotunzwa huenda mbali sana. Iliyonyimwa oili hurefuka. Ukienda kukagua gari, fika kabla halijawashwa. Weka kiganja juu ya boneti: ikiwa ni ya moto, muuzaji ameficha jambo, rudi kesho asubuhi. Washa na usikilize upande wa pulei. Mchakacho wa sekunde moja au mbili unaokatika unaweza kuwa tensiona iliyoshuka usiku. Mchakacho unaoendelea, ukiambatana na kuwaka kwa kusuasua na nguvu kupungua, ni cheni iliyorefuka. Taimingi ya kemu na ya krenki hazilingani tena, na mashine ya kupima gari itaonyesha makosa ya sensa ingawa sensa ni nzima. Ikiruka meno, valvu zinaweza kukutana na pistoni.

Kazi ya kuibadilisha si ya alasiri moja. Injini inainuliwa kwa jeki yenye kipande cha mbao juu yake, mauntingi ya upande wa pulei inatolewa, kifuniko cha mbele kinafunguliwa, na sampu nayo mara nyingi inashushwa ili muungano wa chini usije ukavuja. Nunua seti kamili: cheni, tensiona, reli za kuongozea cheni, meno ya krenki na ya kemu, sili ya mbele ya krenki, na gundi ya gaskiti ya joto. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka hurudisha kelele mapema. Na omba uonyeshwe alama za taimingi kabla kifuniko hakijafungwa. Ni dakika moja, fundi mzuri hakasiriki.

Ugonjwa wa pili maarufu ni sensa ya hewa, ile iliyopo kwenye bomba baada ya filta ya hewa. Ikifa, kompyuta huingia hali ya kujilinda na injini haipandi zaidi ya mizunguko 2,400 hivi kwa dakika. Unakanyaga, gari linakohoa na kukaa palepale. Watu wameuziwa pampu za petroli, plagi na hata koili nne kwa dalili hiyo moja, ilhali ukitazama mshale wa mizunguko jibu linaonekana. Husababishwa na vumbi linalopita kwenye filta duni, au na viungo vya risasi kwenye bodi yake ndogo kupasuka kwa joto. Vumbi husafishwa kwa dawa maalumu ya kupuliza. Usitumie petroli, wala upepo wa kompresa: uzi ule ni mwembamba kuliko unywele.

Ya tatu ni sensa za krenki na kemu. Gari huzima likiwa limepata moto, mara nyingi kwenye foleni, halafu likipoa linawaka kama halijafanya kitu. Fundi anapofika, gari ni zima. Hapo ndipo pampu ya petroli hubadilishwa bila hatia. Kipimo rahisi: linapozima, tazama mshale wa mizunguko wakati wa kupiga stata. Usipotikisika hata kidogo, shuku sensa ya krenki kwanza. Badilisha zote mbili kwa pamoja, na usinunue za kopi za bei ya chini kabisa.

Throto ikiota masizi, mizunguko ya sailensi (injini ikiwaka bila kukanyagwa) huyumba. Kuisafisha ni rahisi, lakini baada ya hapo kompyuta bado inakumbuka throto chafu, na mizunguko hubaki juu. QG huhitaji kufundishwa upya kiasi cha hewa kwa mashine inayoifahamu Nissan. Gereji isiyo nayo itakwambia “itajirekebisha yenyewe”, halafu itazungusha skrubu ambayo haikupaswa kuguswa.

Kwenye joto, rejeta ina vichwa vya plastiki ambavyo hupasuka kwenye mshono vikizeeka. Weka kulanti, si maji ya bomba. Na thermostati ibaki mahali pake. Desturi ya kuing'oa ili gari “lisichemshe” huifanya injini ikimbie baridi, kompyuta iongeze petroli, na otomatiki ichelewe kufunga gia ya juu. Kisha lawama inaangukia Nissan kwamba inakunywa. B15 nzima ya 1.5, mjini tarajia kilomita 10 hadi 12 kwa lita, na barabara kuu 14 au zaidi ukiwa na mguu mwepesi.

Giaboksi ya gia nne ya otomatiki ni mvumilivu, mradi ipate Matic D au oili ya daraja lake. Ukimwaga kupitia bolti hutoka karibu nusu tu, nyingine inabaki kwenye toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) na mabomba, kwa hiyo rudia baada ya kilomita elfu moja. Ukiweka D na usukani ukatetemeka hadi meno, kabla hujaogopa giaboksi tazama mauntingi za mbele na nyuma; mpira umechanika. Gia za mkono hazina la kusimulia zaidi ya klachi.

Chini, mbele ni bushi za mkono wa chini na linki za stebilaiza. Nyuma kuna ile bimu, yenye linki ya pembeni inayoizuia isihame kushoto na kulia. Bushi ya linki hiyo ikiisha, mkia wa gari hupepesuka kwenye kona yenye mashimo, na dereva hudhani ni tairi. Ni bushi ndogo isiyojulikana na wengi, kwa hiyo gari hufungwa shokapu mpya nne na mkia ukaendelea kucheza. Wanaotaka rimu za Corolla kwa kuwa matundu ya bolti ni 4 kwa 100 wajue tundu la katikati la Toyota, milimita 54.1, ni dogo kuliko kitovu cha Sunny. Lazima lichongwe, au rimu ikae upande na bolti zibebe mzigo wote.

Tukiilinganisha na mshindani wake wa miaka ileile, Corolla 110 yenye 5A-FE, Toyota inashinda kwa upole. Injini yake hutumia mkanda, na mkanda ukikatika valvu hazigusi pistoni. Unavutwa, unafunga mwingine, unaondoka. Inasamehe fundi mbovu. Sunny haisamehi, lakini inauzwa bei ya chini, ina usukani mwepesi, na AD Van zimeijaza mitaa spea zake. Kwa mwenye nidhamu ya oili na mfuko mdogo, FB15 ya gia za mkono ni ununuzi bora kuliko Corolla iliyochoka inayouzwa kwa jina. Kwa gari la kumwachia dereva asiyefungua boneti, hapana. Kenya haziingii tena kutoka Japani kwa sababu ya kikomo cha miaka 8, kwa hiyo utakayopata ni ya mkononi. Tanzania zinaruhusiwa, ila ushuru wa uchakavu, unaotozwa magari ya zamani, hula ile nafuu ya bei.

Japani iliizika Sunny mwaka 2004, nafasi yake ikachukuliwa na Tiida Latio. Jina halikufa: Oman na nchi za Ghuba Sunny bado ni gari jipya dukani, lakini ni ya ukoo wa Versa na Almera, injini za HR, usukani kushoto. Kabla yake iliuzwa huko N16 kwa jina hilohilo, ikiwa na QG16. Kwa hiyo ukimwomba ndugu yako aliyeko Muscat au Dubai akutumie “pampu ya maji ya Sunny”, atakutumia ya gari jingine kabisa kwa nia njema. Mtumie picha ya kibati cha chasisi na ya kifaa cha zamani kikiwa mezani, pembeni yake rula.